Kifo Kina Masikio

Wiki iliyopita niliwaacha Kiminini, kando ya kaburi dogo, mbele ya msalaba wa mbao ulioandikwa jina langu.

Kwa wewe unayenisoma leo mara ya kwanza, nitarudi nyuma kidogo usipotee. Mimi ni Makokha. Nina miaka hamsini na miwili. Nashona midomo ya magunia ya mahindi katika stoo moja mjini Kitale, na jioni naenda shule ya ngumbaru. Bwana alimwita mke wangu miaka tisa iliyopita. Nina mtoto mmoja tu, Viola, ambaye ameolewa na Gathii, kijana mwenye duka la chakula cha mifugo pale Kiminini.

Jina langu ni jina la majivuni. Kabla yangu, mama yangu alizaa watoto wawili, wote wakafa. Mimi nilipozaliwa, alinilaza juu ya jaa la majivu kama takataka, ili kifo kikija kione hapana mtu wa kuchukuliwa. Nikaishi.

Lakini mama hakuishia pale. Miaka yote aliyonilea hakunisifu hata siku moja. Nilipokuwa wa kwanza darasani, aliniuliza, "Kwani wengine walikuwa wagonjwa?" Nikaacha shule darasa la sita, na hakuna aliyeniuliza sababu.

Ndiyo maana niliapa kwamba wajukuu wangu watasifiwa.

Viola alipozaa mtoto wa kwanza, mvulana aliyepewa jina la babake Gathii, nilipeleka fahali. Nikakodi hema na vipaza sauti. Nikashika maikrofoni mbele ya watu mia tatu, nikasema, "Huyu ni daktari. Huyu ndiye atakayetutoa chini." Alikufa wiki ya tano, usingizini.

Wa pili pia alikuwa mvulana. Kwa Wakikuyu, mvulana wa pili huchukua jina la baba wa mama yake. Akaitwa Makokha. Nililia kwa furaha. Nilitoa ushuhuda katika makanisa matatu, nikasema jina langu limetolewa majivuni. Hakumaliza miezi miwili.

Siku ya mazishi mama yangu aliniambia maneno machache tu. "Nilikwambia usipige kelele. Kifo kina masikio."

Sasa kuna wa tatu. Ni msichana, ana miezi minne. Mpaka wiki ninayoisimulia leo, nilikuwa sijambeba hata mara moja, wala sijatamka jina lake.

Sijitetei. Nasema tu jinsi ilivyokuwa.

*

Mwalimu wetu, Sally, ana desturi moja. Kabla ya mtihani, kila mwanafunzi huandika kwenye kona ya karatasi alama anazotarajia kupata. Baada ya kusahihisha, anatusomea zote mbili, tulizotarajia na tulizopata.

Jumatatu ile alianza na jirani yangu wa dawati, Wabwile, ambaye ni fundi wa baiskeli.

"Wabwile, ulitarajia thelathini kwa thelathini. Umepata tisa."

"Mwalimu, si ungeniongeza hata kumi nisiaibike?"

"Mzee Makokha, ulitarajia nne. Umepata ishirini na sita."

Darasa lote likanigeukia.

"Nne," alisema Mwalimu Sally. "Mzee, huu si unyenyekevu. Mimi nimekufundisha muhula mzima, halafu unaniandikia nne. Hayo ni matusi."

"Sikutaka kutarajia makubwa, Mwalimu."

"Mwalimu, tuchanganye," alisema Wabwile. "Mimi na huyu mzee tukichanganywa, utapata mwanafunzi mmoja wa kawaida."

Watu walicheka, na mimi nilicheka nao. Lakini karatasi iliporudi mikononi mwangu, nililiona jina langu juu pale, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Makokha. Tangu mazishi, kila nikiandika jina langu huwa naona mbao. Naona misumari miwili na ule msalaba.

Tulipotoka, Viola alikuwa amesimama nje ya mlango wa darasa, mtoto mgongoni.

"Papa, habari ya jioni."

"Nzuri. Kuna nini?"

"Lazima kuwe na kitu ndio nikuje?"

Wabwile alifika nyuma yangu. "Kumbe uko na mjukuu na umenyamaza hivyo, mzee? Lete tumwone, bana."

"Ni hicho tu," nilisema.

Viola alinitazama. "Hicho?"

Nilikunja karatasi ya mtihani.

"Papa, kiti ni hicho. Meza ni hiyo. Huyu ni mtu."

Wabwile aliona mambo si yake, akachukua baiskeli yake akaondoka bila kupiga kengele.

"Ubatizo ni Jumapili," alisema Viola. "Pasta ameuliza ni nani atamtaja jina mbele ya kanisa. Nimesema ni wewe."

"Gathii ako na wazee wao."

"Gathii amekubali. Mama Gathii amekubali. Watu wote wamekubali isipokuwa wewe."

"Na nisipoweza?"

"Usipoweza usikuje. Na si Jumapili tu. Mimi nimechoka kukuletea mtoto mlangoni kama mtu anauza mandazi." Alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza leso. Kisha sauti yake ikashuka. "Wale wawili uliwapenda mpaka mji mzima ukajua. Huyu amekukosea nini?"

Ningemjibu nini? Kwamba huyu nampenda kuliko wale wawili, na ndiyo maana nimefunga mdomo? Kwamba nikilala nasikia kifo kikipita nje ya dirisha, kikitega sikio?

"Nitafikiria," nilisema.

"Hata kufikiria, Papa. Lazima ufikirie."

Akaenda zake. Mtoto alikuwa ameegemeza shavu mgongoni kwa mamake, akinitazama. Niligeuza uso. Nilikuwa nimejifunza kugeuza uso haraka sana.

*

Nilimwendea pasta wangu siku hiyohiyo. Sikumweleza yote. Nilimwambia nina mzigo, akaniambia nifunge nusu siku nikiomba.

Nusu siku niliiona ndogo. Nikaamua kufunga siku tatu, bila chakula wala maji. Ndivyo nilivyo, mtanisamehe. Maisha yangu sijui katikati iko wapi.

Siku ya pili yake, Jumanne mchana, nilikuwa stoo nikishona gunia la lumbesa, lile lililojazwa mpaka shingo haipo, ambalo lazima ulipandishie goti ndipo mdomo ukutane. Midomo yangu ilikuwa imekauka. Nikachoma shazia, ile sindano nene ya magunia, mara ya kwanza, mara ya pili.

Ndani ya gunia nikasikia mtoto akipumua.

Niliacha sindano. Nikaweka sikio. Alikuwa anapumua kwa shida, kama aliyelaliwa na kitu kizito.

Nikakata kamba yote. Nikalipindua gunia, mahindi yakamwagika sakafuni, nikaingiza mikono nikitafuta. Nilifika mpaka chini. Yalikuwa mahindi tu.

"Makokha." Alikuwa Mary Ann, msimamizi wetu. "Unatafuta nini?"

"Hakuna kitu, madam."

"Sasa hakuna kitu na umemwaga gunia mzima?"

"Nitayarudisha."

Alinitazama midomo. "Umekula leo?"

"Nafunga."

"Basi funga ukiwa nyumbani, si kwa mahindi ya wenyewe. Nenda ukunywe uji."

Sikunywa uji. Nilirudisha mahindi, nikaenda nyuma ya stoo, nikampigia mama yangu simu kule Kabuchai. Nakhungu ndilo jina lake. Amepita miaka themanini lakini simu anaishika kama anashika mwizi.

"Mayi, naogopa," nilimwambia.

"Mutoto ni mugonjwa?"

"Hapana. Ni mzima."

"Umemsifu?"

"Hata kumbeba sijambeba. Lakini Jumapili wanataka nimtaje mbele ya kanisa."

Nilisikia kuku wake.

"Umekuwa ukimwombea?" aliuliza.

"Kila siku."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, Mayi. Huwa najisahau."

"Basi umeshasema, na kimeshasikia," alisema. "Mulete hapa kabla ya hiyo Jumapili. Tumulaze mahali ulilala wewe."

Ndugu wasomaji, hapa ndipo nilipokosea, na nataka mwelewe hesabu yangu ilivyokuwa. Niliona kwamba mtoto akishalazwa majivuni na kuokotwa, kifo kitakuwa kimedanganywa. Ningekuwa huru. Jumapili ningesimama nimtaje kwa sauti yangu yote, nimbebe, nimpende mchana kweupe. Viola hangejua kitu. Ningempata binti yangu na ningempata mjukuu.

Nilipiga magoti nikamwambia Mungu simwachi. Nilimwambia ninamsaidia tu kidogo.

Kwa kweli nilisema hivyo. Ninamsaidia.

*

Alhamisi asubuhi nilikwenda Kiminini. Nilikuwa nimefungua mfungo kwa chai na viazi vitamu.

"Nataka tumpeleke mtoto kwa Kukhu yako Kabuchai," nilimwambia Viola. "Amwone kabla ya ubatizo."

Viola alikuwa anapima chakula cha kuku. Aliweka sufuria ya kupimia chini. "Wewe ndio umesema?"

"Ndio mimi."

"Papa, si uniambie kama kuna mtu amekutuma."

"Hakuna."

Alijifuta macho kwa mkono wenye unga wa kuku, akabaki na mstari mweupe shavuni. Aliingia ndani akamwogesha mtoto. Akamvalisha. Kisha akamvua, akamvalisha nguo nyingine nzuri zaidi. Nilimsikia akimwambia, "Leo unaenda na guka yako. Umesikia? Na guka." Guka ni babu kwa lugha ya watu wa mume wake.

Nilikaa kwenye mfuko wa chakula cha ng'ombe, nikitazama viatu vyangu.

Tulifika Kabuchai saa sita kasoro. Mama yangu alitoka mlangoni na fimbo yake, akamsogelea mtoto, akamwangalia usoni.

"Kabaya," alisema.

Viola alicheka. "Kukhu, hata mimi uliniambia nilikuwa kama chura."

"Na ulikuwa."

"Sasa huyu ni kama nini?"

"Huyu hata sijui. Mupeleke ndani, jua linaniumiza macho."

Mipango ilikuwa imekamilika. Binamu yangu Agneta, ambaye boma lake linapakana na letu, alikuwa ameambiwa apitie njia ya nyuma kama mtu anayetoka mtoni. Angemkuta mtoto juu ya majivu nyuma ya jikoni, angemwokota, angempa jina la majivuni, kisha angemleta mbele ya nyumba aseme ameokota kitu. Mimi ningemkomboa kwa kuku. Dakika kumi, basi.

Mama akamwambia Viola, "Umetoka safari na vumbi. Kuna maji moto bafuni, enda uoge, chakula bado."

"Na mtoto?"

"Nipe nimbebe," nilisema.

Viola alisimama. Alinitazama kwa muda mrefu, akatazama mikono yangu, kisha akamweka mtoto ndani ya mikono hiyo. Alienda bafuni akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

Ilikuwa mara ya kwanza kujua uzito wake. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Alinishika kidole gumba, akakivuta mpaka mdomoni, akaanza kukitafuna kwa ufizi, akinikunjia uso kana kwamba ni mimi niliyechelewesha chakula.

Hapo ndipo nilipopaswa kuacha. Mungu alinipa nafasi pale pale, na niliiona.

"Usimwangalie," alisema mama. "Twende."

Majivu yalikuwa ya jana, yamepoa. Nilitandika jani la mgomba juu yake, nikamlaza. Pembeni ni migomba ambapo wamelala ndugu zangu wawili ambao sikuwajua. Mama hajawahi kunionyesha mahali penyewe, lakini hapandi kitu kingine hapo.

"Geuka," aliniambia. "Usiangalie nyuma. Ukiangalia nyuma umesema ni wako."

Tukatembea mpaka mbele ya nyumba. Tukasimama, mgongo kwa jikoni, kama watu wanaongojea mgeni.

Agneta hakuja.

Nilingoja. Kisha nikasikia vicheko upande wa lango. Viola alikuwa ametoka kuoga, amemwona Agneta barabarani akizungukia njia ya nyuma, akamkimbilia. Sasa alikuwa amemshika mikono yote miwili akimuuliza habari za watoto wote, mmoja mmoja, na Agneta alikuwa ananitazama juu ya bega la Viola, hajui afanyeje.

Nyuma ya jikoni mtoto akaanza kulia.

"Mayi, analia."

"Mwache."

"Hakuna mtu huko nyuma."

"Anayelia ni mzima," alisema mama, na akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa na nguvu. "Nawe ulilia. Nilisimama hapahapa. Nilikusikia mpaka maziwa yakamwagika kwa nguo yangu, na sikugeuka."

Hakuwa amewahi kuniambia hilo. Miaka hamsini na miwili.

Viola aliacha kuongea. "Papa, mtoto ako wapi?"

Kilio kikakatika.

Hakikupungua. Kilikatika tu, kama kamba inavyokatwa.

Nimewahi kuusikia ukimya ule mara mbili, asubuhi mbili tofauti, nimesimama nje ya chumba cha Viola. Nilijinasua mikononi mwa mama nikakimbia. Viola alinipita akiwa miguu mitupu.

Juu ya majivu palikuwa na jani la mgomba. Mtoto hakuwepo.

Viola hakupiga kelele. Aliinama akagusa jani, akagusa majivu, akanitazama. Alikuwa anajaribu kuelewa kwa nini jani lile lilikuwa pale, na nilimwona akielewa.

"Nani ametupa mtoto wa mwanangu?"

Sauti ilitoka upande wa miwa. Mama Gathii alikuwa amesimama pale, kiondo mgongoni, mtoto kifuani. Nguo yake ya kanisa ilikuwa na majivu kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Mtoto alikuwa anamnyonya kola.

Baadaye nilijua kwamba Viola ndiye aliyempigia simu asubuhi ile, kwa furaha, kumwambia Papa amebadilika. Naye akasema hawezi kuacha siku kama hiyo ipite. Akajaza kiondo unga na sukari, akamwambia Gathii amlete kwa gari. Gari likakwama kwenye tope la trekta za miwa, naye akakata kupitia shambani. Njia ile inatokea nyuma ya jikoni ya mama yangu.

"Nimeuliza," alisema. "Baba Viola, nani?"

"Ni mimi," nilisema.

Mama yangu alifika kwa fimbo yake. Alimweleza yote bila haraka na bila aibu, kuhusu wale waliokufa, majivu, na yule anayepita akaokota. Alisema, "Umemwokota, sasa ni wako mpaka akombolewe. Hivyo ndivyo inakuwa. Kuku iko tayari. Huyu atakupa, utampa mutoto, imeisha."

Mama Gathii alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama, hata kwetu kuna mambo ya zamani," alisema. "Siyacheki. Lakini mwenye mtoto huwa anaambiwa." Akamgeukia Viola. "Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naoga," alisema Viola.

"Basi sema wewe. Nipokee hiyo kuku?"

Viola alikwenda akasimama karibu naye. Alilamba ncha ya leso, akaanza kufuta majivu kwenye sikio la mtoto. Alifuta polepole sana. Aliongea bila kunitazama.

"Sitaki kuku. Na Jumapili sitaki tena. Amwite sasa."

"Viola," nilisema.

"Sasa, Papa. Hapa hakuna kanisa, hakuna pasta, hakuna maikrofoni. Mwite jina lake mara moja. Ukimwita, nitajua ulifanya hii kitu kwa sababu unampenda, na nitaongea na Gathii, na itapita. Ukishindwa nitajua ulimleta hapa kumtupa."

"Usithubutu," alisema mama yangu. "Hajakombolewa. Ukimutaja sasa ni kama umemuonyesha kwa kidole."

Nilisimama kati yao. Agneta alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Upepo ulipita kwenye migomba ile ambapo hapapandwi kitu kingine.

Anaitwa Mwihaki. Ndilo jina la bibi yake, mwanamke yule aliyekuwa amembeba. Nililijua tangu siku ya kwanza. Nimelisema moyoni mara ngapi, Mungu anajua. Nikienda kazini, nikishona, nikiwa darasani. Hakuna neno ninalolijua vizuri kuliko hilo.

Nikaomba. Nikafungua mdomo.

Mtoto aliacha kola, akageuza kichwa, akanitazama.

"Makokha," nilisema.

Nililisikia likitoka. Nilitaka kulirudisha, lakini lilikuwa limeshasemwa, na kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Nilijaribu tena, lakini Mwihaki halikutoka.

Mama yangu alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. "Asante," alisema. "Umempa la majivuni. Sasa ataishi."

Viola alimchukua mtoto kutoka kwa Mama Gathii. Alimfunika kichwa.

"Hilo jina tulilizika, Papa," alisema.

Wakarudi kwa njia ya miwa, yeye mbele, mama mkwe wake nyuma. Kiondo cha unga na sukari walikiacha pale chini.

Naandika haya Ijumaa, darasani, wenzangu wakiwa wametoka. Ubatizo ni keshokutwa saa tatu. Leo mchana Gathii alinipigia simu. Hakuniambia nije, wala hakuniambia nisije. Aliniuliza jambo moja tu. Alitaka kujua kama mtoto alikohoa nilipokuwa naye pale kwenye majivu.

"Kwa nini unauliza?" nilimwambia.

Nilimsikia Viola nyuma yake akisema, "Mwambie tunaondoka sasa kwenda hospitali," na simu ikakatwa.